Chumba cha Muchungwa wa Mama Thérèse

Mimi nilihesabu mizigo bandarini tangu ujana mpaka siku ya kustaafu na kuanza kupewa pansio. Boti ikitoka Kigoma, ikitoka Moba, njo mimi niliyesimama pale gatini na kusema magunia mangapi yameshuka na mangapi yamepotelea njiani. Kwenye kitambulisho niliandikwa Mwamba, maana serikali haikutaka majina ya ubatizo kwenye makaratasi yake, lakini nyumbani na kanisani mimi ni Pontien. Ukiuliza hapa Kalemie nyumba ya Papa Pontien mwenye hasira, watakuleta mpaka mulangoni. Sikatai, hasira ninayo. Ila sikiliza kwanza habari ya muke wangu Thérèse, kisha uniambie kama wewe ungeishi naye bila kupandisha sauti.

Thérèse ni muntu wa Kirungu, kule juu milimani kwenye baridi. Ni mufupi, mwembamba, sauti yake ndogo, na ukimwona kanisani utafikiri hawezi kumusumbua hata nzi. Basi huyo huyo, katika avenue yetu hakuna kilio kinachoanza bila yeye. Muntu akifa, wanaume wakiwa bado wanaulizana wakae wapi, Thérèse ameshafika na sufuria zake, ameshatuma watu maji, na kama marehemu ni mwanamuke ameshaingia ndani kumwosha. Harudi nyumbani mpaka matanga yaishe. Mimi nabaki nakula ugali wa jana. Watoto wetu wameoa na kuolewa, wako Lubumbashi na Kabalo, kwa hiyo wa kugombana naye nimebaki mimi peke yangu.

Alipoolewa alikuja na muche wa muchungwa. Mama yake aliutoa kwenye muti wake wa pale Kirungu, na muti ule mbegu yake ilitoka kwa mapadri. Sisi tulikaa nyumba ya kazi, na nyumba ya kazi unaweza kuambiwa uhame wakati wowote, njo maana Thérèse aliupanda ndani ya pipa lililokatwa nusu. Ukakulia humo. Kule, katikati ya kuta za majirani, ulizaa machungwa madogo, matamu kweli kweli. Halafu nikapata pansio, tukahamia parsele, kiwanja chetu wenyewe, hapa kwenye mwinuko, mbele ya ziwa. Watu walinipongeza eti naona ziwa lote. Naliona, ndiyo. Na lenyewe linatuletea upepo wake wote.

Wakati wa kiangazi upepo wa ziwa unaingia kwenye barza yetu kuanzia asubuhi, wa baridi, bila kupumzika. Muchungwa unachanua mwezi wa nane, na upepo unapukutisha maua yote kabla halijafunga hata chungwa moja. Tangu tuhamie hatujaonja tunda la muti ule. Mama yake Thérèse akafa, na muti wa Kirungu nao ukakauka, ukabaki huu wa kwenye pipa. Hayo ningeyavumilia. Kitu ambacho sikuweza kukivumilia ni kifua cha Thérèse. Kila kiangazi anakohoa, na kila kiangazi kikohozi kinakuwa kirefu kuliko cha mwaka uliotangulia. Muganga wa dispanseri aliniambia huyu mama apate jua lakini asipate upepo. Rahisi kusema. Jua la asubuhi kwetu linafika kwenye barza tu, na upepo nao unapita hapo hapo.

Wazo lenyewe alinipa Thérèse, bila kujua. Siku moja alikuwa anaokota maua yaliyoanguka, akacheka, akasema alipokuwa musichana padri mumoja muzee aliwasimulia kwamba Ulaya, kwa sababu ya baridi, wakubwa wanaujengea muchungwa nyumba ya vioo, wanaiita oranjeri. Aliona ni kichekesho, muti kuwa na nyumba wakati watu wengine hawana. Mimi sikucheka. Niliangalia barza, nikaangalia pipa, nikamwangalia yeye na kikohozi chake. Nikiifunga barza kwa vioo, muti unapata nyumba na muke wangu anapata mahali pa kuotea jua. Nikaamua siku ile ile kwamba nitaijenga, hata kama itanitoa roho.

Nikafanya devis, hesabu ya ujenzi kutoka tofali la kwanza mpaka musumari wa mwisho. Kuhesabu njo kazi yangu, hapo hakuna wa kunifundisha. Ukuta mufupi wa tofali, wa kufika kiunoni. Juu yake fremu za mbao zenye vioo. Mulango wa bodi pana, na bodi nyingine za kulaza juu ya ukuta chini ya madirisha. Gaspard, seremala wetu wa avenue, alinishauri niache matundu mawili juu ya kutolea joto, la sivyo mwezi wa kumi nitamupika muke na muti pamoja. Nikayaandika matundu. Nikaandika masitiki ya kubandikia vioo, bawaba, chokaa, hata mafuta ya kupaka mbao. Devis yangu ilikuwa safi.

Ila feza ya zaire, ile miaka, haikuwa feza ya kuweka. Unaweka bei ya kioo kizima, ukirudi dukani inakununulia kona ya kioo. Kwa hiyo kila pansio iliponiangukia nilikimbia kuigeuza kitu. Kwanza vioo. Vilivuka ziwa toka Kigoma na mufanyabiashara mumoja niliyemujua bandarini, tukavifunga ndani ya mablanketi na kuviweka chini ya kitanda. Thérèse akanikataza kujitupa kitandani kama nilivyozoea. Halafu tofali, halafu mbao. Mbao zilikuja na treni toka upande wa Niemba, mbao nyekundu za mulombwa, nzito, zimenyooka. Nikazipanga juu kwenye mapao, chini ya bati, ili zikauke vizuri. Kila nikiinua macho wakati wa kula naziona. Nikajiona muntu wa akili sana.

Hapo njo nilipokosea, na ni kosa ambalo labda muntu wa avenue yetu tu angeweza kulifanya. Kwetu mbao za sanduku la maiti hazinunuliwi. Mwenye mbao nyumbani anazitoa, seremala anafanya kazi bure, na mbao ile hairudishwi, si kwa feza wala kwa mbao nyingine. Ukipokea malipo ni kama umefanya biashara na kifo, na hakuna anayetaka kifo kiwe mushitiri wake. Desturi nzuri, sikatai. Lakini mimi, mwenye kuhesabu mizigo ya boti nzima bila kukosea, nilichukua akiba yote ya chumba cha muke wangu nikaiweka katika kitu kimoja ambacho wafu wanakihitaji. Ningeweka bati. Ningeweka hata chumvi. Hapana, nikaweka mbao, tena juu, kila muntu aliyeingia kwangu kusalimia alikuwa anaziona.

Akafa Papa Emile, fundi baiskeli wa mwishoni mwa avenue. Nilikuwa nimekwenda mujini kufuatilia pansio. Niliporudi nikakuta juu kweupe. Thérèse alikuwa anachagua muchele kwa ajili ya kilio, akaniambia bila kuinua kichwa kwamba Gaspard alipita, naye akampa mbao za sanduku. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka nje. Nikamwuliza kama anajua zile mbao zilikuwa za nini, na za nani, na kwamba mwezi wa tano upepo unarudi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema:

"Marthe wetu alizikwa na mbao za muntu ambaye mpaka leo hatujui jina lake. Nitamwambia nini muke wa Emile, kwamba zangu ni za dirisha?"

Marthe alikuwa mutoto wetu wa pili, aliyefariki na surua wakati mimi bado kijana. Nikatoka nje nikafyeka majani ambayo hayakuhitaji kufyekwa.

Nikaanza tena. Pansio, treni, mbao. Kiangazi kikapita, Thérèse akakohoa, maua yakaanguka. Nilikuwa nimefikisha mbao za kutosha fremu zote, bado za mulango tu, ndipo akafa mutoto wa jirani wa nyuma, kitoto kidogo bado kinajifunza kutembea. Sanduku dogo, mbao mbili tu. Mara hii sikugomba. Nikasaidia mwenyewe kuzishusha. Halafu nikamwona Gaspard anachukua mbao mbili ndefu kuliko zote, mbao za fremu za mbele, anazikata katikati, wakati vipande vifupi vilikuwa pale pale miguuni pake. Mudomo ukanitoka. Nikamwambia, mbele ya watu wote, angekata zile fupi. Baba wa mutoto akaniangalia. Thérèse hakusema na mimi mpaka wiki ikaisha, ananiwekea chakula na kwenda zake. Na mpaka leo nasema Gaspard alikata vibaya. Yeye mwenyewe amekubali. Kilichonishinda ni kwamba kuwa na haki hakukunisaidia chochote.

Kule bandarini rafiki zangu wa zamani wakaanza kuniita benki ya wafu. Wananiuliza riba ni ngapi. Nikasema sawa, chekeni. Nikatafuta dawa. Mara hii treni ilipoleta mbao sikuzipandisha juu hata kidogo. Nilimwita Gaspard siku ile ile, nikamupa kazi: akate, arande, aunge, atengeneze fremu zote na mulango na zile bodi za chini ya madirisha. Kwa sababu muntu anaweza kuomba mbao, lakini nani atakuja kuomba dirisha? Gaspard alifanya kazi nzuri, lazima niseme. Fremu zikasimama chumbani kwetu, zimeegemea ukuta, zinanuka mafuta. Ukuta mufupi wa tofali tayari nilikuwa nimeujenga kwenye barza. Zilibaki bawaba tu, nilizoagiza Kigoma. Kila asubuhi nilizipapasa zile fremu kabla ya kunywa chai. Thérèse alinikuta nazo mara nyingi, akawa anapita kimya.

Mwezi wa saba ikaja habari toka Kirungu kwamba dada yake, Adrienne, anaumwa. Thérèse akafunga nguo zake. Nikamwambia kule juu baridi ya mwezi huu itamumaliza, anakohoa hata hapa. Akasema dada ni dada. Nikamupeleka gatini, nikagombana na kapita, musimamizi wa boti, apewe nafasi ndani, nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira na woga. Nikajiapia kwamba akirudi atakuta chumba chake kimesimama, vioo vyote ndani, muchungwa ndani, na kiti chake kwenye jua. Bawaba zikafika. Nikampangia Gaspard aje aanze kazi.

Gaspard hakuja. Asubuhi ile alikuwa amefariki Mama Monique, mujane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Huyu Mama Monique, Thérèse alipozidiwa kiangazi kilichopita, njo aliyekuja kila siku kumusugua kifua kwa mafuta ya mawese ya moto, na hakuna siku aliyokubali hata sabuni ya asante.

Nikakaa sebuleni nikawasubiri watu wa kilio waje kuomba mbao. Maana nilijua watakuja. Treni ilikuwa haijafika kwa wiki nyingi, muji mzima hauna mbao. Na mara hii nilikuwa tayari. Nilikuwa na maneno yote kichwani yamepangwa: kwamba hizi si mbao tena, ni madirisha, kwamba nimetoa mara mbili, kwamba ndani ya nyumba hii kuna mugonjwa naye ni muntu. Nikayarudia mara ngapi sijui. Hakuna aliyekuja. Niliwaona kupitia dirishani, wanapita mbele ya parsele yangu, wanasalimia kwa mukono na kuendelea. Nikatoka nikasimama barzani, wanione vizuri. Wakasalimia tena. Nikaanza kukasirika. Wananiogopa kiasi hicho? Nimekuwa muntu wa kupitwa kama nyumba isiyo na watu?

Nikavaa shati nikaenda kwenye kilio. Nyuma ya nyumba ya marehemu nikamukuta Gaspard amechuchumaa na musumeno. Alikuwa anabomoa makreti ya ndagala, vile vibao vyembamba vinavyonuka samaki, anajaribu kuviunga, vinapasuka kwenye kila musumari. Kando yake kulikuwa na mulango wa jiko la Monique, umeshang'olewa. Nikamwuliza kwa nini hakuna aliyekuja kwangu. Nilimwuliza kwa ukali, ukweli wa Mungu. Gaspard akaendelea kupiga musumari, hataki kuniangalia.

"Mama Thérèse alipita nyumba kwa nyumba kabla ya kupanda boti," akasema. "Alituomba kama kifo kitakuja asipokuwapo, fremu za Papa Pontien tusiziguse wala tusiziulize. Alisema mara hii tumuachie. Hata Monique mwenyewe alikubali."

Muke wangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kumwomba muntu wa avenue hii hata chumvi, alikwenda mulango kwa mulango kuomba kwa ajili yangu. Na maneno yangu yote ya kukataa, niliyoyapanga vizuri, hakuna aliyeyataka. Nilimukasirikia Thérèse siku ile kuliko nilivyomukasirikia kwa mbao zote alizotoa. Angeniachia nikatae! Au angeniachia nitoe bila kunifanyia hivi.

Nikarudi nyumbani. Nikaubeba mulango kwanza, mgeni wa kilio mumoja akanisaidia bila kuuliza. Halafu zile bodi pana. Halafu fremu. Gaspard alipoona nafika na fremu ya mwisho alivua kofia, nikamwambia aivae afanye kazi. Mimi mwenyewe nilizigonga viungo vyake zikaachana, kwa sababu sikutaka kumwona yeye akizivunja. Bodi za mulango zikawa ubavu, za dirisha zikawa kifuniko, fremu zikawa mbavu za ndani. Monique alizikwa katika sanduku ambalo pembe zake ziliungwa kama samani za bwana mukubwa. Watu wakanishika mukono. Sikupenda kushikwa mukono.

Thérèse alirudi mwezi wa nane. Adrienne alikuwa amepona, yeye ndiye aliyerudi amekonda, na kikohozi kimeshuka chini kabisa kifuani. Habari ya Monique alipewa pale pale gatini, mimi sikulazimika kuitoa. Tukapanda polepole, anapumzika kila baada ya hatua chache, upepo unatupiga usoni. Tulipofika aliangalia barza. Ukuta mufupi wa tofali upo, juu yake hakuna kitu. Muchungwa ulikuwa umechanua, maua yanaruka hovyo mpaka sebuleni.

Kesho yake asubuhi niliingia kumutafutia dawa, niliporudi sikumwona kwenye kiti. Alikuwa ametandika mukeka chini, nyuma ya ule ukuta mufupi, amekaa kama wanawake wanavyokaa kwenye kilio, miguu imenyooka, mugongo kwenye tofali. Jua lilikuwa linamupata usoni. Akaniambia nisogeze pipa. Nikalisukuma mpaka pembeni yake, jasho likanitoka, na kweli matawi ya chini yakatulia. Ya juu yaliendelea kupigwa, lakini ya chini yakatulia. Miaka yote ile ya vioo na mbao, na mimi mwenye akili sikuwahi kukaa chini nione upepo unaishia wapi.

Nikakaa naye. Nikasema nimefanya devis mpya. Akaniomba nimusomee, macho amefumba kwa jua. Nikasoma: fremu, bawaba tunazo, vioo tunavyo, masitiki, misumari. Kisha nikafika kwenye mustari mupya. Nilikuwa nimeandika, kwa mara ya kwanza, mbao za vilio vya avenue, mbali na za fremu, ili kifo kikija kikute zake zinakisubiri na zetu kiziache. Nilitaka afurahi. Niliona ni hesabu nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. Kisha akauliza kwa ile sauti yake ndogo:

"Na za kwangu umeziweka?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia devis ni yangu, mimi njo ninayehesabu, na mustari huo haumo wala hautakuwamo, hata akae hapo aniulize mpaka mvua zianze. Nilisema kwa kelele, majirani walisikia. Thérèse akacheka, kikohozi kikamukatisha kicheko, akaweka mukono wake juu ya goti langu. Nilikunja ile karatasi nikaitia mufukoni. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka machoni, na hakukuwa na muntu wa kumukasirikia. Tukakaa pale chini nyuma ya ukuta mpaka jua likahama.